Kidato cha tano wamepoa: mwalimu na mzazi waanzie wapi

Shule nyingi zikiona kidato cha tano wamepoa, zinaita mhamasishaji. Anakuja na spika lake, anawapigia kelele saa mbili, watoto wanalia, wanaahidi divisheni wani mbele ya mkuu wa shule. Wiki inayofuata nusu ya darasa linasinzia prepu, ile saa ya kujisomea usiku, kama kawaida. Mimi nafundisha Kemia wasichana wa bweni, PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia) na CBG (Kemia, Biolojia, Jiografia), huku Njombe, na sijaona kelele ikimfikisha mtoto kwenye mtihani wa Mei wa kidato cha sita. Kinachomfikisha ni kujua somo hili linakwenda wapi na yeye anaingilia mlango gani. Hayo yanafundishika.

Kabla ya yote, hakikisha tatizo ni ari. Mwanafunzi anayesinzia huenda haoni ubaoni na anaona aibu kusema anahitaji miwani. Mwingine ana msiba nyumbani ambao shule haijaambiwa. Mwingine anaumwa tumbo kila mwezi mpaka hawezi kukaa. Mwite, muulize analala saa ngapi, anakula nini, nyumbani nani anampigia simu. Ukiruka hapa, utamhubiria mtoto mwenye njaa.

Kisha waandae kwa anguko. Wanaripoti Julai wakiwa bado na sherehe za matokeo ya kidato cha nne vichwani, kila mmoja alikuwa kipanga huko alikotoka. Jaribio la kwanza la kidato cha tano, aliyezoea A anapata 28 kwa 100. Hapo ndipo moyo unapokufa, kimyakimya. Anaanza kusema "Kemia siyo yangu" na hakuna anayemsikia. Mimi wiki ya kwanza nawabandikia ukutani majaribio ya mwanzo ya dada zao wa kidato cha sita, majina yamekatwa, na pembeni maksi za mtihani wao wa mwisho. Siongezi hotuba. Wanayasoma wenyewe wakati wa mapumziko, wanacheka, na jaribio lao likija vibaya wanajua siyo wao tu.

Linalofuata ni kombi, yaani tahasusi, yale masomo matatu anayosoma. Wengi wako kwenye tahasusi waliyopangiwa, si waliyoiota, na aliye CBG mara nyingi anajiona amekosa PCB. Usimdanganye: bila Fizikia udaktari wa binadamu haumpokei. Mwambie hivyo Julai, siyo Aprili ya mwaka unaofuata. Halafu fungueni pamoja mwongozo wa udahili wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, mpe kalamu, azungushie kila kozi inayoitaja kombi yake. Watu wa PCB nao wanashangaa, maana wengi walidhani kuna daktari na nesi basi. Wanakutana na famasia, maabara za afya, afya ya mazingira, tiba ya mifugo na sayansi ya chakula pale SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo, Morogoro.

Hapohapo wafundishe kuhesabu, kwa sababu hata wazazi wanachanganya. NECTA, Baraza la Mitihani, kwenye divisheni wanahesabu A kuwa 1, B 2, C 3, D 4, E 5, na jumla ndogo ndiyo nzuri. Udahili wa chuo unageuza: A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Kwa hiyo binti mwenye C, D na E ana 12 za NECTA, yaani divisheni tuu, na ana pointi 6 za chuo. Mwache ahesabu kwa maksi zake za sasa, kisha aandike ni somo gani akilipandisha daraja moja linamfungulia kozi aliyoizungushia. Ukutani kwake kitandani huenda ameandika "DAKTARI" kwa herufi kubwa. Liache neno hilo, lakini chini yake aongeze "Fizikia: kutoka E kwenda D, nianze na umeme." La pili ndilo atakalolifanyia kazi Jumamosi.

Sasa niseme la maabara, maana ndiko ninakoona macho yakifunguka. Taitresheni, kupima ukali wa asidi kwa kuichanganya na besi tone kwa tone, wanaifanya kama ibada: soma bureti (mrija wenye vipimo na koki), andika jedwali, tafuta molariti (M, moli ngapi kwa lita), funga daftari. Mwaka mmoja nilinunua siki ya kawaida dukani, chupa imeandikwa asidi ya asetiki asilimia 5. Nikawaambia: huyu mwenye kiwanda anasema kweli? Tukaizimua mara kumi, tukaijaza kwenye bureti. Chini tukaweka sentimita za ujazo 25 za sodiamu haidroksaidi ya 0.1 M na matone mawili ya fenolfthalini, rangi ikawa waridi. Kabla hawajafungua koki niliwataka wakokotoe: asilimia 5 ni kama gramu 50 kwa lita, gawanya kwa 60, ambazo ni gramu za moli moja ya asidi hiyo, unapata takriban 0.83 M, ukiizimua 0.083. Maana yake waridi itafutika bureti ikisoma karibu na 30. Walikuwa wameinama wote juu ya chupa moja, hakuna aliyechungulia dirishani. Tone kwa tone, 28, 29, rangi ikaanza kusita, ikafutika 29.6. Wakapiga kelele kama goli limeingia.

Binti mmoja ambaye tangu aripoti hakuwahi kunyoosha mkono akauliza, "Madam, kwa hiyo TBS wanakaa wanafanya hivi?" Alimaanisha Shirika la Viwango. Nikamwambia hivi na zaidi, na Mkemia Mkuu wa Serikali pia, na watu wa mamlaka ya maji wanaopima klorini kabla hujafungua bomba. Aliuliza wanasoma kozi gani. Ndilo swali nililokuwa nalitafuta.

Kwa hiyo mwalimu mwenzangu, kila topiki ngumu itafutie siki yake. Wa Jiografia ana mto unaokata shamba la kijiji, wa Uchumi ana bei ya mahindi ya Februari na ya Julai. Ukikosa kabisa, sema ukweli kwamba hii ni ya mtihani tu, tuimalize. Wanaheshimu hilo kuliko uongo.

Mazungumzo ya mmoja mmoja yafanyie njiani, mkitembea kutoka bwalo kwenda madarasani. Usimsimamishe ofisini mbele ya walimu wengine wanaokunywa chai, hapo atakujibu "ndiyo Madam" mpaka umruhusu aondoke. Acha "unataka kuwa nani?", ameshaulizwa tangu chekechea na jibu analo la kukariri. Muulize daftari gani analifungua bila kuambiwa. Muulize akikosa anachokitaka, cha pili ni kipi. Anayekuwa na cha pili hupungua hofu, na hofu ndiyo mara nyingi tunaiita uvivu.

Badala ya mhamasishaji, mwite aliyemaliza hapo juzi na sasa yuko mwaka wa kwanza chuoni, hasa yule ambaye hakuwa kipanga. Mwombe aeleze alisomaje wiki ya kawaida, na siku alizotaka kuacha alifanyaje.

Mzazi, kwako ni machache. Ada ya kidato cha tano na sita ilifutwa mwaka 2022, lakini mahitaji bado yapo na mtoto anayajua. Usimwambie kila simu ng'ombe aliyeuzwa kwa ajili yake, anaupeleka mzigo huo mpaka chumba cha mtihani. Muulize wiki hii amesoma nini, akueleze, hata kama huelewi. Akikueleza vizuri, amejifunza mara mbili.

Na kabla hawajaanza mtihani wa Mei, shughulikieni karatasi. Maombi ya mkopo kwa Bodi ya Mikopo yanataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na yatima anahitaji cheti cha kifo cha mzazi nacho kihakikiwe. Jina la cheti cha kuzaliwa lilingane na la cheti cha kidato cha nne. Kama halilingani, anza kulirekebisha likizo ya Desemba, kwa sababu wakimaliza mtihani wengine wanakwenda JKT na kumpata mtoto kwa simu ni shida.