Kubadilisha amu za nyuma za RAV4 ukiwa nyumbani

Maelezo haya ni ya RAV4 ya kizazi cha tatu, ile iliyoanza kutoka 2006, ambayo huku kwetu Dar wengi wanaiita Miss Tanzania. Kazi hii nimeifanya mara mbili kwenye gari langu mwenyewe, uani kwangu. Ya pili niliifanya kwa sababu ya kwanza niliikosea mahali pamoja tu, na hapo ndipo nitakapokaa muda mrefu zaidi.

Amu ninayoisema ni ile nyembamba inayotoka katikati ya gari kwenda kwenye gurudumu la nyuma. Ina meno ya kurefusha na kufupisha, na nati za loki za kuizuia isijizungushe. Ndiyo inayopanga tairi la nyuma lielekee wapi. Kuna amu nyingine pana zaidi; ukiona amu imebeba springi, hiyo iache leo. Springi iliyobanwa ikichomoka, mkono hauna muda wa kukwepa.

Kwanza hakikisha kweli ni amu

Dalili ni tairi la nyuma kulika upande wa ndani, mlio wa kugonga ukipita tuta, na mkia wa gari kuyumba ukifika kama 80 kwa saa. Pandisha gurudumu, lishike kushoto na kulia, lisukume na kulivuta. Likicheza, mwite mtu aendelee kulitikisa nawe uchungulie chini. Kinachocheza kikiwa bushi, yaani ule mpira ulio ndani ya tundu la mwisho wa amu, endelea kusoma. Habu (kitovu kinachofungwa gurudumu) ikitikisika huku amu zimetulia, hiyo ni beringi, na unaweza kuokoa hela yako.

Kununua

Gerezani, mtaa wa maduka ya spea hapa Dar, utapata mpya za bei zote na mtumba wa Japani. Mtumba siukatai, lakini magari mengi ya kule yametembea kwenye barabara za theluji zilizomwagiwa chumvi, na chumvi inakula meno ya amu kimyakimya. Mwambie muuzaji alegeze nati ya loki mbele yako. Yeye mwenye spana zote dukani ikimshinda, wewe uani utaiweza vipi? Bolti na nati nunua mpya hata kama amu ni mtumba. Na chukua amu za pande zote mbili.

Usiku wa kuamkia kazi

Sugua bolti zote kwa brashi ya waya, kisha zipulizie mafuta ya kulegeza kutu, WD-40 au mengine ya aina hiyo. Rudia asubuhi.

Halafu, gari likiwa bado limesimama kwa matairi yake manne, chukua futi kamba upime kutoka katikati ya habu ya nyuma kwenda juu hadi ukingo wa bodi. Pima kushoto na kulia, uandike. Wengi wanaruka hapa kwa kuwa hawaoni kipimo hicho ni cha nini. Utakirudia baadaye.

Kuinua

Chagua sakafu ya zege iliyo sawa. Kwenye mchanga wetu wa Kigamboni stendi za kushikilia gari huzama, kwa hiyo kama huna zege weka ubao mpana na mnene chini ya kila stendi. Legeza nati za tairi (boksi ya 21) kabla ya kuinua. Weka kabari mbele na nyuma ya matairi ya mbele. Hendibreki haitakusaidia, maana inashika magurudumu ya nyuma, na hayo ndiyo yatakayoning'inia. Inua, weka stendi kwenye sehemu zake maalumu chini ya bodi, shusha uzito juu yake, kisha lisukume gari kwa nguvu kabla hujaingia chini. Matairi uliyoyatoa yalaze chini ya kizingiti cha mlango. Jeki peke yake ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake.

Kufungua

Fanya upande mmoja hadi uishe, ili mwingine ukukumbushe mambo yalivyokuwa. Angalia mpira wa breki na waya wa ABS vimepita wapi. Vikikuzuia, fungua vishikio vyake, usivivute.

Weka jeki chini ya habu, iguse tu. Fungua bolti ya upande wa gurudumu, kisha ya upande wa katikati ya gari. Kama gari lako lina bolti yenye kama, yaani ile yenye duara lililokaa pembeni, piga alama kwa rangi kabla ya kuigusa.

Bolti ikizunguka bila kutoka, imeshikana kwa kutu na bomba la ndani ya bushi. Hapo ndipo siku inapoharibika. Rudisha nati hadi ilingane na ncha ya bolti ili usiharibu meno, kisha gonga kwa nyundo. Ikikataa, kata kwa msumeno wa chuma, taratibu, kati ya bushi na chuma kilichoibana. Grenda ni haraka zaidi, lakini cheche na tanki la mafuta havikai nyumba moja. Moto wa gesi mimi situmii kabisa.

Kufunga

Ilaze amu ya zamani na mpya sambamba, upime kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya tundu. Izungushe mpya mpaka urefu ulingane kabisa. Hii haichukui nafasi ya alaimenti, yaani kupanga mwelekeo wa matairi kwa mashine, ila itakufikisha kwenye alaimenti bila kula tairi njiani. Paka grisi kidogo kwenye meno ya amu na kwenye shina la bolti, usipake kwenye mpira. Ingiza bolti zote, nati zikae za mkono tu.

Sasa kosa langu. Mara ya kwanza nilikaza bolti huku gurudumu likining'inia. Kila kitu kilikaa vizuri, nikajiona fundi. Baada ya miezi minne bushi mpya zilikuwa zimechanika. Mpira wa bushi hizi umegandishwa kwenye chuma cha ndani na cha nje, hauzunguki, unajikunja. Ukikaza gurudumu likining'inia, bushi inashikwa katika mkao huo. Ukishusha gari, mpira unajipinda na kubaki umepindwa siku zote, hata gari likiwa limeegeshwa. Kila tuta linaongeza juu ya hapo.

Kwa hiyo inua habu kwa jeki mpaka kile kipimo cha jana kirudi. Kama ulipata sentimita 44, pandisha hadi 44. Endelea kuangalia gari lisinyanyuke kwenye stendi. Likiwa hapo, kaza bolti zote mbili kwa spana ya toki (ile inayopima nguvu ya kukaza), kwa kiwango cha kitabu cha modeli yako. Rudia upande wa pili. Nati za tairi ni 103 Nm, kwa msalaba, matairi yakiwa chini.

Alaimenti na nati za loki

Nenda siku hiyohiyo, polepole. Fundi akimaliza kupanga, simama hapo umwone akikaza nati za loki kwa spana mbili. Simsemi fundi yeyote vibaya. Agosti 2012 Toyota iliyaita magari zaidi ya 770,000 nchini Marekani yarudi kurekebishwa, karibu yote RAV4 za 2006 hadi 2011, kwa sababu ya nati hizihizi: zikiachwa zimelegea baada ya alaimenti, meno yanacheza, kutu inaingia, na mwisho amu inaweza kuachia.

Mimi hupiga mstari wa rangi ya kucha unaotoka kwenye nati hadi kwenye amu. Nyekundu inaonekana vizuri zaidi. Baada ya kilomita 100 ninachungulia, na tena kila ninapobadilisha oili. Mstari ukiwa umekatika, nati imezunguka: narudi kwenye alaimenti.