Jinsi ya kuomba bima ya moto ya ghala, mashine na nafaka kabla ya msimu wa kupura

Maombi ya bima ya moto kwa mali ya shamba yaanze wiki kadhaa kabla ya mashine ya kupura kuingia uwanjani, kwa sababu kinga haianzi siku unayokabidhi fomu. Huanza pale kampuni inapokubali maombi yako na, mara nyingi, ada ikiwa imekwisha kulipwa. Kati ya siku hizo mbili kuna ukaguzi, maswali ya nyongeza na pengine marekebisho atakayoagiza mkaguzi, na moto ukizuka katika kipindi hicho hasara yote ni yako. Siku za kupura ndizo siku ambazo injini iliyopata moto, mabua makavu, vumbi na watu wengi hukutana mahali pamoja, hivyo mwongozo huu unashughulikia kwa pamoja namna ya kuomba bima na namna ya kuliweka shamba katika hali ambayo majibu yako kwenye fomu yatakuwa ya kweli. Mkataba wa bima husimama juu ya uaminifu kamili wa mwombaji, na swali la fomu linalohusu utendaji wa kazi huweza kugeuka kuwa sharti ambalo utaulizwa siku ya kudai fidia.

Hatua ya kwanza: orodhesha mali na uithamini

Chukua daftari, lizunguke shamba lote, na uandike kila jengo pamoja na kila kitu chenye thamani kilichomo: ghala, banda la marobota ya majani makavu, zizi, trekta, mashine ya kupura, mota, mizani, magunia, mbegu, pembejeo na nafaka yenyewe. Kwa kila jengo andika vipimo vyake, kuta na paa vimejengwa kwa nini, na umbali hadi jengo linalofuata, kwani ghala la matofali lililoezekwa kwa bati halikadiriwi ada sawa na banda la miti na nyasi. Piga picha za nje na za ndani, na nakala zake uzihifadhi nje ya shamba, zisije zikateketea pamoja na vitu zinavyovithibitisha.

Unapoorodhesha, tenganisha mali yako na ya wengine. Bima huweza kukatwa tu na mtu ambaye kuharibika kwa mali hiyo kungemtia hasara ya fedha, kwa hiyo mpangaji wa ghala, mwenye ghala na benki iliyotoa mkopo kwa dhamana ya ghala hilo kila mmoja ana maslahi yake, na maslahi hayo yatajwe. Nafaka ya majirani iliyohifadhiwa kwako haiingii kwenye bima yako mpaka itamkwe waziwazi. Mimea iliyo bado kondeni pia, kwa kawaida, haimo katika bima ya majengo na vilivyomo. Hiyo hushughulikiwa na bima ya mazao.

Thamani ndiyo sehemu ambayo wakulima wengi huumia, tena bila kujua mpaka siku ya msiba. Mikataba mingi ya moto ina sharti la uwiano: ukikata bima kwa kiasi kilicho chini ya thamani halisi ya mali, unahesabiwa kuwa umeamua kuibeba mwenyewe ile sehemu iliyobaki, na fidia hupunguzwa kwa uwiano huohuo hata kama hasara ni ndogo. Tuseme nafaka na majengo vina thamani ya 10,000,000, nawe ukaandika 6,000,000 ili ada iwe nafuu. Moto ukiharibu mali ya 2,000,000, hutapata 2,000,000 ingawa kiasi ulichokatia ni kikubwa kuliko hapo. Utapata 6/10 ya hasara, yaani 1,200,000, na bado kitatolewa kile kiasi cha awali ambacho mkataba unakutaka ujibebee. Kwa majengo, uliza kama fidia itakuwa gharama ya kujenga upya au thamani ya sasa baada ya kutoa uchakavu, kwa sababu ghala la zamani lililothaminiwa kwa njia ya pili halitajengeka tena kwa fedha hizo. Kwa nafaka, kadiria kiwango cha juu kabisa ghala litakapojaa baada ya kupura, au omba utaratibu wa kutoa tamko la akiba kila mwezi, ambapo ada husawazishwa mwishoni kulingana na kiasi kilichokuwamo.

Hatua ya pili: rekebisha shamba kabla ya kujaza fomu

Moto wa siku ya kupura mara nyingi hutoka kwenye mashine yenyewe. Makapi hujisokota kwenye ekseli na kujibana kuzunguka beringi, grisi hukauka, beringi husaga kwa kukwaruza, na chuma kikipata moto wa kutosha kinayaunguza makapi yaleyale yaliyokizingira. Dalili zipo kwa anayezitafuta: zima mashine, subiri isimame kabisa, kisha usogeze mgongo wa mkono karibu na kila nyumba ya beringi bila kuigusa, ile inayotoa joto kali kuliko wenzake itahitaji grisi au kubadilishwa kabla kazi haijaendelea. Mlio wa kukwaruza na harufu ya mpira unaoungua huonyesha kuwa beringi imekufa au mkanda unateleza kwenye puli. Mkanda uliolegea haupunguzi kasi ya kazi peke yake. Msuguano wake nao huzalisha joto la kuwasha vumbi.

Bomba la moshi ni la pili. Joto la bomba la injini inayofanya kazi nzito linatosha kuwasha majani makavu yanayoligusa, na masizi yaliyoganda ndani yake hutoka yakiwa cheche. Bomba liwe zima, lisiwe na tundu, liwekewe kizuia cheche, na mashine isimamishwe ambapo upepo unazipeleka cheche mbali na ghala na mrundo wa mabua. Upepo ukigeuka, kazi isimame mpaka mashine igeuzwe. Nasisitiza jambo hili kwa sababu ndilo linalopuuzwa zaidi pale foleni ya magunia inapokuwa ndefu na mwenye mashine ana miadi kwingine jioni ileile.

Kupura kufanyike nje ya ghala kila inapowezekana. Vumbi la nafaka lililotulia juu ya mihimili huungua tu, lakini vumbi hilohilo likitimuliwa hewani ndani ya chumba kilichofungwa na likakutana na cheche, hulipuka. Kwa hiyo fagia mihimili, kingo za madirisha na sakafu kabla ya msimu, mashine zikiwa zimezimwa na milango ikiwa wazi, na usitumie hewa ya shinikizo kupuliza vumbi ndani ya jengo. Mafuta yajazwe baada ya injini kuzimwa na kupoa, nje ya uwanja wa kupuria, na madumu yasihifadhiwe kwenye jengo la nafaka wala la majani.

Kwa umeme nao, mwite fundi mwenye leseni. Nyaya zilizotafunwa na panya, viungio vilivyofungwa kwa gundi ya karatasi, fyuzi iliyobadilishwa kwa kipande cha waya na taa zisizo na kifuniko cha kuzuia vumbi ni kasoro ambazo mkaguzi ataziona dakika ya kwanza. Omba fundi akupe cheti au taarifa ya maandishi ya kazi aliyofanya, kwa kuwa utaiambatisha kwenye maombi.

Marobota yanastahili uangalifu wa pekee, maana yanaweza kuwaka bila cheche yoyote. Majani yakifungwa yakiwa na unyevu unaozidi kama asilimia 20, vijidudu ndani yake huendelea kufanya kazi na kuzalisha joto ambalo haliwezi kutoka, na hatari hiyo huwa kubwa zaidi katika wiki 6 za kwanza baada ya kuhifadhi. Chomeka kipimajoto kirefu katikati ya mrundo. Joto likifika nyuzi 55 za Selsiasi, pima asubuhi na jioni. Likipita 65, uko karibu na hatari. Likifika 80, waite zimamoto kabla ya kuondoa hata robota moja, kwa sababu hewa inayoingia unapolichomoa ndiyo itakayoliwasha. Harufu tamu kama ya sukari inayoungua, au mvuke unaotoka juu ya mrundo asubuhi, haipaswi kusubiri kipimajoto. Banda la marobota liwe mbali na ghala la nafaka na mahali pa mashine, ili jengo moja likiungua yasiungue yote.

Mwisho wa marekebisho, weka mitungi ya kuzimia moto ya unga kwenye trekta, kwenye mashine na mlangoni mwa ghala, mapipa ya maji yenye ndoo kwa ajili ya majani, na mchanga na sepetu kwa mafuta yaliyomwagika. Maji yasimwagwe kwenye moto wa mafuta wala wa umeme, na kila kibarua aelezwe hivyo kabla kazi haijaanza.

Hatua ya tatu: jaza fomu

Fomu utaipata kwa kampuni ya bima, kwa wakala wake au kwa dalali wa bima. Wakala huiwakilisha kampuni, ilhali dalali humwakilisha mteja, kwa hiyo dalali ndiye wa kumwomba alinganishe masharti ya kampuni kadhaa. Ambatisha kitambulisho, hati ya umiliki au mkataba wa kupanga, orodha ya mali na thamani zake, picha, ramani ndogo ya majengo uliyoichora kwa mkono ikionyesha umbali, risiti za mashine na taarifa ya fundi umeme.

Jibu kila swali kwa ukamilifu. Ukiulizwa kama umewahi kupata moto, taja hata ule uliouzima mwenyewe kwa ndoo mbili. Ukiulizwa kama ulikataliwa bima kwingine au uliongezewa masharti, sema. Eleza kama mashine ni yako au ya kukodi, kama unapura kwa ajili ya majirani kwa malipo, na kama kupura kutafanyika ndani ya jengo au nje. Hata jambo ambalo fomu haikuliuliza, lakini lingeweza kumfanya mtoa bima abadili uamuzi au ada, liandike kwenye karatasi ya ziada, kwa sababu kuficha taarifa ya msingi kunaweza kuuvunja mkataba wote. Wakala akijitolea kukujazia, soma kila jibu kabla ya kutia sahihi. Sahihi ni yako na kosa litahesabiwa kuwa lako. Baki na nakala.

Hatua ya nne: ukaguzi na masharti

Mkaguzi akija, tembea naye mwenyewe na umwonyeshe mambo yalivyo. Maagizo yake yaombe kwa maandishi yenye tarehe ya mwisho, yatekeleze, kisha uiarifu kampuni kwa maandishi na picha.

Ukipewa makadirio ya ada, soma rasimu ya mkataba kabla ya kulipa, na uanzie kwenye yale yasiyofidiwa. Mikataba ya kawaida ya moto huondoa mali iliyoharibiwa na kuchacha, kupata joto au kujiwakia kwake yenyewe. Mwenye marobota aombe kipengele cha nyongeza kinachorudisha kinga hiyo. Uliza kama zimo gharama za kuondoa vifusi, na kama unalindwa dhidi ya madai ya jirani ambaye moto wa uwanja wako umemfikia. Kwa mashine ya kukodi, mtake mwenyewe akuonyeshe bima yake. Angalia pia masharti ya lazima, kama vile kutovuta sigara kwenye uwanja wa kupuria au kutohifadhi mafuta ghalani, na lile usiloweza kulitimiza omba lirekebishwe sasa. Baada ya kulipa, dai risiti na hati ya muda inayotaja tarehe na saa kinga inapoanza, na mkataba wenyewe ukifika ulinganishe na fomu uliyojaza.

Wakati wa kupura na ikiwa moto utatokea

Weka daftari la msimu: tarehe, mashine iliyotumika, saa za kupaka grisi, vipimo vya joto la marobota, jina la aliyelinda. Injini ikizimwa jioni, mtu abaki uwanjani angalau nusu saa akikagua chini ya mashine na kandokando ya mrundo, kwani kaa lililojificha kwenye makapi hufukuta taratibu kabla ya kutoa mwali. Ukibadili matumizi ya jengo, ukiongeza mota au ukipokea nafaka ya mtu mwingine, iarifu kampuni mara moja.

Moto ukizuka, watoe watu kwanza, kisha wanyama, waite zimamoto, halafu ufanye linalowezekana kuokoa kilichobaki, kwa kuwa bima haikuondolei wajibu wa kupunguza hasara. Iarifu kampuni siku hiyohiyo kwa simu na uthibitishe kwa maandishi ndani ya muda uliotajwa kwenye mkataba. Chukua taarifa ya zimamoto au polisi, piga picha, tenganisha nafaka iliyolowa na iliyo salama, lakini usiuze wala kutupa chochote, hata gunia lililoungua nusu au beringi iliyoyeyuka, mpaka mkadiriaji wa hasara akione na akupe ruhusa kwa maandishi.