Kampuni ya Delaware, stoo Florida: namna ya kupiga hodi jimbo la pili

Kila nikikaa na watu wetu wenye biashara Marekani swali ni lile lile, si tushasajili kampuni, mbona tunaambiwa tusajili tena? Nawaelewa, manake sisi huku tumezoea vengine. Ukisajili kampuni yako kwa eCitizen hio ni kampuni ya Kenya nzima, leo uko Marikiti, kesho ukitaka kufungua duka Nakuru huendi kusajili kampuni nyengine, unakata leseni ya kaunti ile basi. Kule hamna hio. Serikali kuu ya Marekani haina daftari moja la makampuni, kila jimbo katika yale 50 lina daftari lake na sheria zake, na kampuni iliyozaliwa Delaware ikivuka kwenda Florida inakua mgeni, na mgeni hupiga hodi kwanza.

Hilo neno mgeni ndo linachanganya wengi kwaio tulimalize. Kwenye fomu utaona "foreign LLC" (LLC ni aina ya kampuni ambayo madeni yake hayamfuati mwenyewe), na mtu wetu akiona vile moja kwa moja anajua ni yeye anaulizwa, ati kwa vile ni Mkenya, anaanza kutafuta pasipoti. Siyo. Hapo "foreign" ni kampuni ya jimbo jengine tu, hata mwenye kampuni awe amezaliwa Texas na babake amezaliwa Texas. Ya jimbo lenyewe ndo wanaiita "domestic". Kama kampuni yako ni ya Kenya hasa, Limited ya huku, na unataka kuisajili kule moja kwa moja, pia inaingia fungu la foreign lakini wewe una mzigo wa ziada: tangu Machi 2025 kampuni zilizoundwa Marekani zimeondolewa ile ripoti ya wamiliki ya FinCEN, ile idara ya serikali kuu inayofuatilia pesa chafu, zilizoundwa nchi nyengine na zikasajiliwa kwenye jimbo bado zinadaiwa, na muda ni siku 30.

Sasa, unahitaji au huhitaji? Sheria za majimbo mengi hazikwambii wazi kufanya biashara ni nini, zinakwambia kisichokua biashara. Kua na akaunti ya benki humo peke yake si biashara. Kufanya mkutano wa wenye kampuni, si biashara. Kuuza kupitia mtu anaejitegemea, au kutuma mzigo kwa mteja kutoka jimbo jengine, pia si biashara. Lakini ukikodi stoo, ukiandika watu wafanye kazi pale, ukifungua duka au ofisi, hapo umeingia ndani ya nyumba na huwezi tena kusema ulikua unapita tu. Binamu yangu anauza vikoi na leso na vikapu, kampuni aliifungua Delaware kwa sababu marafiki walimwambia Delaware ndo mambo yote, alafu stoo akakodi Jacksonville na vijana wawili wanalipwa kwa saa. Hio haina mjadala, ni kusajili Florida.

Na kodi ya mauzo ni habari nyengine kabisa, msichanganye. Tangu ile kesi ya jimbo la South Dakota na Wayfair, duka la mtandaoni, mwaka 2018, jimbo laweza kukudai ukusanye kodi ya mauzo hata kama huna hata kiti ndani yake, ukishafika kiwango chake cha mauzo. Yaani unaweza kua huhitaji kupiga hodi kwa msajili wa makampuni lakini mtu wa kodi anakusubiri.

Kabla hujatoa hata senti nakuomba ujiulize hivi: je, kuna biashara yoyote unafanya Delaware? Kama kazi yako yote iko Florida na itabaki Florida, fungua kampuni ya Florida, wachana na Delaware. Nawaambia watu hili kila siku na hawataki kusikia. Kampuni ya jimbo moja inayofanya kazi jimbo jengine inalipiwa pande zote mbili, kila mwaka. LLC ya Delaware ni dola 300 kila mwaka kabla ya tarehe 1 Juni, uuze usiuze, ukichelewa faini dola 200 na riba juu. Alafu uongeze ya Florida. Kwa biashara ya vikapu hio ni pesa ya kontena.

Haya, umeamua unasajili. Anza na jina. Kila jimbo lina ukurasa wa kutafuta majina ya kampuni, ni bure, andika jina lako uone kama kuna mwengine analo. Likiwa lishachukuliwa huhitaji kubadilisha kampuni, utaomba kutumia jina la pili ndani ya jimbo lile peke yake, ila jua mikataba na ankara za kule zitabeba jina hilo la pili.

Baada ya hapo ni cheti, na kwenye cheti ndo mimi na binamu tulipoteza pesa. Jimbo jipya linataka uthibitisho kutoka nyumbani kwamba kampuni iko hai na haidaiwi. Wanaita "Certificate of Good Standing", wengine "Certificate of Existence". Ni kama kile cheti cha tabia njema unachoomba polisi kabla ya kuajiriwa, tofauti ni kua hiki ni cha kampuni. Delaware ni dola 50. Ukiwa hujalipa ile 300 hupewi, kwaio lipa kwanza. Na kina umri wake! Florida hawataki kilichozidi siku 90, California wanakubali mpaka miezi sita. Sisi tukakitoa mapema tukajiona wajanja, alafu mshirika wake binamu akaenda Lamu harusini, akakaa, sahihi ikakosekana, kuja kuhesabu miezi minne ishapita. Dola 50 nyengine. Cheti ndo kitu cha mwisho kuombwa, kila kitu kingine kiwe tayari mezani ndo ukitoe.

Ejenti wa kupokea barua, "registered agent", ni lazima, na lazima awe na anwani ya kweli ndani ya jimbo hilo, sanduku la posta halikubaliwi. Kazi yake kubwa ni kupokea karatasi za mahakama na za serikali saa za kazi. Anaweza kua yule binamu wako mwenyewe kama anashinda pale mchana, au kampuni ya kulipia. Mimi ejenti wa bei rahisi sana nshamkoma, kuna mmoja sitamtaja alikaa na barua ya mteja wangu wiki tano, na barua hio ilikua na tarehe ya kujibu ndani. Muulize kabla: barua ikifika unaiskani siku gani?

Fomu yenyewe haitishi, ni ukurasa mmoja miwili. Jina la kampuni, jimbo la nyumbani na tarehe ilipozaliwa, anwani ya ofisi kuu, ejenti, majina ya wasimamizi, sahihi. Lakini jina liandike vile vile lilivyo kwenye cheti, herufi kwa herufi. Letu lilikua na koma kabla ya LLC na mimi nikaandika bila koma, usiku, macho yashachoka, likarudishwa. Koma moja, wiki mbili. Siku hizi nafungua cheti upande mmoja wa skrini na fomu upande mwengine, nanakili nikisoma kwa sauti. Na ofisi ukitaka kuzipigia simu, Florida ya mashariki wanafungua saa mbili asubuhi yao ambayo kwetu ni saa tisa alasiri, wakati wa baridi inakua saa kumi kwa sababu wao hurudisha saa nyuma.

Bei ni kila jimbo na lake. Florida LLC ya nje ni dola 125, Ohio 99, California 70, New York 250, Texas 750 ambayo kwa shilingi ni karibu laki moja. Lakini usichague kwa kutizama bei ya mlangoni. California hio ya 70 inakudai kodi isiyopungua 800 kila mwaka. New York lazima utangaze kwenye magazeti mawili kwa wiki sita mfululizo, ndani ya siku 120, na ukiwa kwenye jiji lenyewe matangazo yaweza kupita dola 1,000. Florida ni ripoti ya mwaka, 138.75, kabla ya Mei mosi, na ukipitisha siku hio wanaongeza 400. Weka alamu ya simu, sina utani.

Namba ya kodi ya kampuni, ile EIN, inabaki hio hio, usiombe mpya. Na wewe unaekaa Mombasa ukiwa ndo mmiliki peke yako, ukisajili majimbo mangapi usisahau fomu 5472 ya IRS, watu wa kodi wa serikali kuu, ya kueleza pesa zinazopita kati yako na kampuni, kila mwaka, faini yake inaanzia dola 25,000. Wallahi hio ndo nimeona ikiliza mtu mzima.

Ukikaa kimya usisajili? Mikataba yako haifi, lakini mteja akikataa kukulipa huwezi kumshtaki kwenye mahakama za jimbo hilo mpaka usajili na ulipe ya nyuma. Texas ukipita siku 90 wanakudai tena 750 kwa kila mwaka au kipande cha mwaka. Yule anaedaiwa na wewe akijua hujasajili, wakili wake ataanzia hapo hapo.

Na siku ukifunga stoo usiondoke kimya kimya. Kuna fomu ya kujitoa, ijaze, manake bila hio daftari lao linakuona bado upo na ada za mwaka zinaendelea kupanda. Ejenti umalizane nae baada ya jimbo kukujibu, si kabla. Fomu itakuuliza anwani ya kutumia barua za kesi zitakazotokea baadae za wakati ule ulipokua humo, weka ya mtu anaefungua barua zake.