Gari halivuti? Anza na sensa ya hewa

Kigari changu cha zamani kilikuwa kikipanda mlima wa Mkoani kutoka bandarini kwa kuomba radhi, gia ya kwanza mwanzo mwisho. Dawa imekuwa kopo moja la spreya. Kwenye bomba baada ya boksi la filta ya hewa kuna sensa ndogo yenye waya mwembamba kama unywele. Ndiyo inayopima hewa inayoingia. Ikishika vumbi na mafuta hupima pungufu, kompyuta ya injini nayo hupunguza petroli, injini ikakosa nguvu.

Zima gari, chomoa soketi, fungua skurubu zake mbili kwa bisibisi ya nyota, upulizie waya mara kumi hivi kwa spreya ya sensa hiyo hasa. Spreya ya breki usiitumie, wala usiuguse waya kwa kidole au kitambaa: ukikatika umenunua sensa nzima. Iache ikauke, mimi niliiacha nusu saa. Na filta ikiwa nyeusi badilisha, la sivyo uchafu utarudi pale pale.

Gari la kabureta halina kitu hiki. Hata baadhi ya yenye kompyuta hupima presha kwenye manifoldi (bomba linalogawa hewa kwenye silinda) badala ya kiasi cha hewa, kwa hiyo tazama kwanza kama ipo. Na kama injini inanguruma juu lakini gari haliendi, hiyo ni klachi. Moshi wa buluu ni ringi za pistoni au sili za valvu. Hapo spreya haisaidii.