Usiuze Mbegu: Kuteua Sungura Wanaokua Haraka kwa Chakula Kidogo

Katika mabanda mengi ninayoyatembelea kwa kazi ya ugani, siku ya kuuza sungura hufanana. Mnunuzi anataka sungura wa kilo 2, mfugaji anaingia bandani na kuwatoa waliotangulia kufikisha uzito huo, na waliosalia wanaendelea kulishwa. Baada ya wiki mbili wanatolewa wengine. Mwishowe hubaki wachache waliochelewa, na kwa kuwa wawili watatu kati yao ni majike wenye afya, mfugaji huwaacha wawe wazazi wa kizazi kijacho. Aliyekua haraka ameishia sufuriani, na aliyekua polepole ndiye anayeandaliwa sanduku la kuzalia.

Sisemi kwamba mfugaji huyo ni mzembe, kwani mara nyingi ndiye huyohuyo anayefagia banda kila asubuhi na kuwajua sungura wake mmoja mmoja. Kosa lake limejificha ndani ya jambo linaloonekana kuwa la busara, yaani kuuza mali iliyo tayari na kusubiri ile ambayo bado. Miaka mitatu baadaye hulalamika kwamba mbegu imechoka, au kwamba chakula cha siku hizi hakina nguvu, na huenda kununua dume mgeni. Mbegu haikuchoka, bali aliiuza mwenyewe, sungura mmoja baada ya mwingine.

Hesabu yake si ngumu. Takribani robo ya tofauti za kasi ya ukuaji tunazoziona kati ya sungura walioachishwa kunyonya hutokana na kurithi. Sehemu kubwa iliyobaki huletwa na maziwa ya mama, chakula, joto, magonjwa na msongamano. Tuseme kundi lako linaongezeka gramu 25 kwa siku kwa wastani, na wale waliobaki baada ya mauzo, ambao sasa umewafanya wazazi, walikuwa wakiongezeka gramu 21. Pengo ni gramu 4, na robo yake ni gramu 1, kwa hiyo watoto wao watakuwa chini ya kundi la awali kwa gramu 1 kila siku. Gramu 1 inaweza kukuchekesha, lakini kwa siku 35 za kunenepesha ni gramu 35, na ukilirudia kosa hilo kwa vizazi vinne umepoteza gramu 140 kwa kila sungura, ambazo kuzirudisha kunahitaji karibu wiki nzima zaidi ya kulisha. Robo hiyohiyo ingekufanyia kazi kwa upande wa faida kama wazazi wangekuwa wale wa gramu 29.

Hasara ya chakula inafuata palepale. Sungura hula kwanza ili aishi, yaani mwili upate joto, moyo upige na matumbo yafanye kazi, kisha ziada ndiyo inayojenga nyama. Anayechelewa kufikia uzito wa kuuzwa anakudai gharama hiyo ya kuishi kwa siku nyingi zaidi, na ndiyo maana kuteua kwa kasi ya ukuaji huboresha pia matumizi ya chakula, hata kabla hujapima chakula chenyewe.

Kanuni basi ni hii: uteuzi utangulie mauzo. Hakuna sungura anayetoka bandani kabla kundi lake lote halijapimwa siku ya 70 tangu kuzaliwa, na walioteuliwa hawauzwi hata mnunuzi aongeze bei. Weka alama kwa idadi inayokaribia mara mbili ya unaowahitaji, kwa sababu wengine watapata kasoro njiani. Ukihitaji majike 4, teua 7, na ukihitaji dume 1, teua 2 au 3.

Kosa hili lina ndugu yake, nalo ni kuteua kwa jicho. Mfugaji humwona mmoja mkubwa kizimbani na kusema huyu ndiye. Chukua mfano wa sungura wawili waliozaliwa wiki moja. Wa kwanza alizaliwa katika uzao wa watoto 4, akanyonya atakavyo, na siku ya 35 alipoachishwa alikuwa na gramu 950. Siku ya 70 ana gramu 1,755. Wa pili alitoka katika uzao wa watoto 9, akagombania chuchu, akaachishwa akiwa na gramu 620, na siku ya 70 ana gramu 1,600. Jicho linamchagua wa kwanza. Lakini toa uzito wa siku ya 35 katika uzito wa siku ya 70, kisha gawa kwa 35: wa kwanza ameongezeka gramu 23 kwa siku, wa pili gramu 28. Ukubwa wa yule wa kwanza ulikuwa zawadi ya maziwa ya mama yake, na maziwa yaliyopatikana kwa bahati hayarithiwi. Ni kweli kwamba sungura aliyepunjwa maziwa hujifidia kidogo anapopata chakula cha kutosha, kwa hiyo nataka mteule avuke vizingiti viwili: awe juu ya wastani wa kundi zima, na awe juu ya wastani wa ndugu zake wa uzao mmoja.

Sasa nije kwenye upimaji, na hapa naomba radhi kwa ukali, kwa sababu hapa ndipo kazi ya miezi miwili huharibika kwa dakika tano. Mizani ya kuning'iniza yenye mistari ya gramu 100 haifai. Tofauti kati ya mteule na asiyeteuliwa kwa siku zote za kunenepesha huweza kuwa gramu 150 tu, na mizani hiyo itaimeza. Tumia mizani ya kidijitali inayosoma gramu 5 au 10 na kubeba angalau kilo 5. Kila asubuhi ya kupima, ihakiki kwa chupa uliyoitia lita 1 ya maji: ukitoa uzito wa chupa tupu, lazima usome kilo 1. Weka beseni juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, mtie sungura, mfunike kwa kitambaa ili atulie, na usubiri namba isimame. Usikadirie namba inayochezacheza.

Pima asubuhi, saa ileile, kabla ya kuweka chakula. Sungura hula sana jioni na usiku, na tumbo lililojaa huongeza gramu nyingi ambazo si nyama; ukiwapima nusu ya kundi kabla ya kula na nusu baada ya kula, umepima matumbo. Siku ya 35 ni siku ya 35. Nimeona daftari lililoandikwa “mwisho wa mwezi” kwa vizazi vyote, na mwenye daftari akashangaa nilipomwambia kwamba halina faida. Sungura anayeongezeka gramu 30 kwa siku, ukimpima siku mbili baadaye, amepewa gramu 60 za bure, na hizo zinatosha kumpandisha asiyestahili juu ya anayestahili. Ikiwa dharura imekuzuia ukapima siku ya 72, andika 72 na ugawe kwa siku zilizopita kweli, yaani 37.

Linganisha rika na rika tu. Joto linapozidi nyuzi 30 sungura hupunguza kula na ukuaji hushuka, kwa hiyo uzao wa kipindi cha joto hauwezi kushindanishwa na wa kipindi cha baridi. Pandisha majike watano au zaidi ndani ya siku mbili, nao kwa kuwa hubeba mimba siku 31, pengine moja pungufu au moja zaidi, watazaa karibu pamoja. Kuzaa pamoja kunakupa pia nafasi ya kusawazisha uzao: ndani ya siku 3 za mwanzo hamisha watoto kutoka kwa mama mwenye 11 kwenda kwa mwenye 5, ili kila mmoja alee 7 au 8. Watie wahamiaji alama ya wino sikioni na uirudie kila inapofifia, la sivyo utamhesabia mama asiye wao. Wakiachishwa, kila mmoja awe na namba ya kudumu sikioni, na daftarini iandikwe namba hiyo pamoja na za baba na mama.

Chakula hupimwa kwa kizimba, kwa ndugu wa uzao mmoja, tangu siku ya 35 hadi ya 70. Tandaza trei chini ya sakafu ya waya, kusanya kilichomwagika, kianike kikauke kwa sababu huwa kimelowa mkojo, kisha ukitoe katika kilichotolewa. Ndugu 6 waliopewa kilo 19.2 za pelleti (chakula cha vidonge), zikarudi kilo 1.7, wametumia 17.5, na wakiwa wameongezeka kilo 5.25 kwa jumla, uwiano wao ni 3.3, yaani kilo 3.3 za chakula kwa kila kilo 1 ya uzito ulioongezeka. Ndugu wengine 6 waliotumia kilo 18.9 na kuongezeka kilo 4.5 wana uwiano wa 4.2. Sungura wawili wakilingana kwa kasi, chukua wa kizimba cha 3.3. Mmoja akifa, mpime siku hiyohiyo na uandike tarehe, maana naye alikula.

Wanaolisha majani wasiingize uzito wa majani mabichi katika hesabu hii. Kata kilo 1 ya majani hayo, yakaushe hadi uzito usishuke tena. Yakibaki gramu 180, basi kila kilo unayotoa ni gramu 180 za chakula na kilichobaki ni maji. Rudia kipimo hicho kila aina ya majani inapobadilika au mvua inaponyesha.

Dume ateuliwe kwa ukali kuliko jike, kwa kuwa dume mmoja huhudumia majike 8 hadi 10 na nusu ya urithi wa watoto wao wote ni wake. Hapo pana mtego: walio bora huwa watoto wa dume mmoja, na mfugaji huwapandisha wao kwa wao. Kaka na dada wa baba na mama mmoja, au baba na binti, huzaa watoto wenye kiwango cha undugu wa damu cha asilimia 25, na faida ya kasi huweza kuliwa na vifo na uzao mdogo. Gawa majike katika koo tatu na uzipe rangi. Binti hubaki katika ukoo wa mama yake, na dume mteule wa ukoo mwekundu huenda ukoo wa bluu, wa bluu kijani, wa kijani mwekundu, bila kurudi nyuma.

Mwondoe bila huruma mwenye meno yasiyokutana, miguu iliyotawanyika au chuchu pungufu ya 8, hata akiwa wa kwanza kwa kasi. Vivyo hivyo aliyetoka kwa mama ambaye uzao wake hupungua kila mara kabla ya siku ya 21.

Kazi ikienda sawa, wastani wa rika hupanda kidogo kila kizazi.

Baada ya siku ya 70 wateule wasiendelee kulishwa kama wa kuuzwa, kwa kuwa uroho wao ndio uliowapa ushindi na jike aliyenenepa hushika mimba kwa shida. Kwa jamii ya ukubwa wa kati, wape gramu 120 hadi 140 za pelleti kwa siku pamoja na nyasi kavu. Jike apandishwe akiwa na miezi 5 na amefikia asilimia 75 hadi 80 ya uzito wa utu uzima, ambayo kwa sungura wa jamii ya New Zealand White wa kilo 4.5 ni kama kilo 3.4 hadi 3.6, dume asubiri miezi 6.