Somo: Kuonyesha aina moja ya farasi kwenye mashindano makubwa ya kimataifa

Kwenye mashindano makubwa, maonyesho ya aina za farasi huwekwa katikati ya ratiba, mara nyingi uwanja ukiwa unasawazishwa kwa ajili ya shindano linalofuata. Mnapewa dakika 5 hadi 8, basi. Watazamaji wengi hawajawahi kumwona farasi wa aina yenu, na wanachotaka kujua ni kimoja: huyu ana nini ambacho wenzake hawana?

Hatua ya 1: Chagueni sifa moja, zikizidi ziwe mbili

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanaleta mkokoteni, wanaruka viunzi, wanapandisha watoto, wanamaliza kwa bendera, na mtazamaji anaondoka bila kushika lolote.

Chukua farasi wa Iceland. Sifa yake ni tolti, mwendo wa mapigo manne ambao muda wote angalau mguu mmoja uko chini, kwa hiyo mpandaji harushwi. Ukimwonyesha tolti peke yake, asiyejua ataona farasi anakwenda mbio tu. Mpitishe kwanza kwa matiti, yaani mwendo wa kudundadunda wa mapigo mawili, mpandaji aonekane anavyopanda na kushuka, kisha mrudishe kwenye mstari uleule kwa tolti. Mabega ya mpandaji yakitulia ghafla, uwanja mzima unaelewa bila kuambiwa.

Farasi wa aina ya Paso Fino naye sifa yake iko masikioni kuliko machoni. Hatua zake ni fupi mno na za haraka, kwa hiyo hupitishwa juu ya ubao ili mapigo yasikike yalivyo sawasawa. Tegeni maikrofoni karibu na ubao, muziki uzimwe kabisa.

Farasi wa aina ya Marwari ana masikio yaliyojikunja ndani hadi ncha zikakaribiana. Ni sifa nzuri sana, lakini kwenye uwanja wa mita 20 kwa 60 aliyekaa juu haoni sikio. Kubalianeni mapema na mpiga kamera ili kichwa kionekane kwenye skrini kubwa, la sivyo tafuteni sifa nyingine.

Hatua ya 2: Farasi wenyewe

Mchague mtulivu kabla ya mzuri. Farasi 4 wanaokwenda pamoja wanatosha, na wa 5 awe wa akiba aliyefanya mazoezi yote, si aliyekuja kujaza nafasi.

Hatua ya 3: Karatasi

Anzeni mwaka mmoja kabla. Kinachokwamisha farasi wengi ni chanjo ya mafua ya farasi. Chini ya kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi (FEI), chanjo ya pili hutolewa siku 21 hadi 60 baada ya ya kwanza, na farasi anayekuja mashindanoni awe amechanjwa ndani ya miezi 6 na siku 21 kabla ya kufika. Asichanjwe ndani ya siku 7 za mwisho. Kosa la siku moja kwenye pasipoti linatosha kumzuia getini, kwa hiyo daktari wa mifugo akishaandika tarehe, isomeni hapohapo mbele yake, pamoja na namba ya chipu ya utambulisho iliyo mwilini mwa farasi.

Tangu tarehe 1 Julai 2021, FEI hairuhusu farasi aliyenyolewa nywele ndefu za puani, midomoni na pembeni mwa macho kushindana, kwa sababu anazitumia kuhisi kilicho karibu. Waliozoea kuunyoa uso wa farasi wa Kiarabu ili ung'ae waache, hata kama wao hawashindani.

Hatua ya 4: Muziki na mpangilio

Muziki ufuate farasi. Hesabu mguu mmoja wa mbele unavyotua kwa sekunde 15, zidisha kwa 4, kisha tafuta wimbo wenye mapigo hayo au maradufu yake. Wimbo ukiwa wa haraka zaidi, mwendo mzuri unaonekana mzito.

Hatua ya 5: Kelele

Wiki 8 kabla, anza na makofi ya watu wawili wakati farasi anakula. Ongeza watu, spika, bendera, kimoja kwa wakati, na usiongeze kingine mpaka ameshusha shingo, yaani ametulia.

Hatua ya 6: Safari na siku yenyewe

Safarini asifungwe kichwa juu kwa muda mrefu. Asipoweza kukiinamisha, vumbi na makamasi hubaki kwenye njia ya hewa na nimonia hufuata. Akifika, saisi ampime joto asubuhi na jioni. Kawaida ni nyuzi 37.5 hadi 38.5, na akizidi hapo aitwe daktari, mazoezi yasimame.

Miguu myeupe ioshwe usiku. Ikiwa bado na unyevu, paka wanga wa mahindi, asubuhi upanguse kwa burashi. Dawa ya kung'arisha manyoya isiguse pale tandiko linapokaa, litateleza. Singa za mkia zichambuliwe kwa vidole, kwani burashi huzikata. Na msimsuke farasi ambaye aina yake huachwa na singa ndefu, kama Friesian au farasi wa Kiarabu. Mkimsuka mmeficha mlichokuja kuonyesha.

Mtangazaji aseme kabla ya tendo, kisha anyamaze. Mpeni ukweli mmoja wenye uzito. Kwa Akhal-Teke inatosha kusema kwamba Absent, dume mweusi wa aina hiyo, alishinda medali ya dhahabu ya dresaji (mchezo wa farasi kuonyesha miendo kwa utii na umaridadi) kwenye Olimpiki ya Roma mwaka 1960 akipandwa na Sergei Filatov.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, tunaweza kuleta farasi moja kwa moja kutoka Iceland na kuwarudisha baada ya onyesho?

Jibu: Kuwaleta mnaweza, kuwarudisha hapana. Sheria ya Iceland hairuhusu farasi aliyetoka kurudi, kwa kuwa farasi wa kule hawana kinga dhidi ya magonjwa mengi ya nje. Tumieni waliokwisha kuishi nje, au mwe na mnunuzi tayari.

Swali: Dume na majike waingie pamoja?

Jibu: Sishauri. Jike akiwa kwenye joto, yaani anapotaka dume, dume hasikii hatamu. Ikibidi, dume atangulie, asiwe nyuma ya jike, na kati yao iwepo nafasi ya farasi wawili.

Swali: Akhal-Teke wetu anang'aa nyumbani, lakini uwanjani usiku alionekana mkavu. Tulimwogesha kwa shampuu siku hiyohiyo.

Jibu: Shampuu imeondoa mafuta ya manyoya. Muogesheni siku 3 kabla, halafu kila siku burashi na kitambaa tu. Ombeni pia taa za pembeni: mng'ao wake hutokea vizuri mwanga ukimpiga ubavuni naye akitembea, si taa zikiwa juu ya mgongo.