Mtoto akibandua vidonda: anza na muwasho, mikono baadaye

Binti yangu ana miaka minne na nusu. Nashona kibarazani hapa Pasua, Moshi, naye hucheza chini ya meza ya cherehani, na sauti ya ukucha ukibandua gamba la kidonda naijua hata mashine ikiwa inakwenda. Karibu mwaka mzima nilikuwa na neno moja tu: "Acha!" Anaacha, nageuza kitambaa, anaanza tena. Nyuma ya magoti palikuwa pabichi siku zote.

Kumbe nilikuwa nagombana na mikono wakati shida iko kwenye ngozi. Ngozi ikikauka inawasha, akiikuna inachubuka, ikichubuka inafanya gamba, gamba nalo linavuta na kuwasha, analibandua. Usipotuliza muwasho, hata umshike mikono atajikuna kwa mguu wa meza. Wangu alifanya hivyo hivyo.

Kwa hiyo jua kwanza kinachowasha. Wangu tuliambiwa ni pumu ya ngozi: mikunjo ya viwiko, nyuma ya magoti, shingoni, na inachachamaa baridi ya mwezi wa sita na wa saba. Usisubiri kuona wekundu. Kwenye ngozi zetu panakoza weusi, au panakuwa kama kijivu au zambarau, na ukipitisha kiganja panakwaruza kama msasa. Ila kama anawashwa zaidi usiku, ana vipele katikati ya vidole, na wewe au dada wa kazi mmeanza kujikuna pia, huenda ni upele wa kuambukizana (scabies). Huo hauondoki kwa mafuta: nyumba nzima inapewa dawa siku moja, nguo na mashuka yanafuliwa. Anzia kituo cha afya cha karibu. Wakiona haja watakupa rufaa, na sisi wa Moshi tuna bahati, maana pale hospitali ya rufaa ya KCMC kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992.

Kuoga ndiko kulikoniletea kesi nyumbani. Bibi yake, mama mkwe wangu, aliamini mtoto mwenye vidonda husuguliwa kwa dodoki na sabuni ya mche mpaka ang'ae. Nikamwambia, "Mama, naomba tujaribu wiki mbili tu bila dodoki." Akajibu, "Haya, mtoto ni wenu." Tukamwogesha kwa maji ya uvuguvugu, dakika 5 hadi 10, sabuni kidogo isiyo na manukato, tena kwapani, miguuni na penye uchafu tu. Kumkausha ni kumgusagusa na taulo, si kumfikicha. Kisha kabla ngozi haijakauka kabisa, ndani ya dakika 3 hivi, mafuta ya mgando yasiyo na harufu, mwili mzima. Yachote kwa kijiko safi, usitumbukize vidole koponi. Mchana unarudia. Wiki ya pili mama mkwe ndiye aliyekuwa anauliza, "Mafuta ya mtoto yako wapi?"

Kosa langu kubwa lilikuwa krimu ya mchanganyiko niliyouziwa duka moja la dawa bila mtoto kuonwa. Ilimtuliza siku nne, nilipoacha ikarudi na hasira zake. Krimu za namna hiyo mara nyingi huwa na steroidi, dawa ya kutuliza ngozi iliyowaka. Steroidi zinasaidia kweli, lakini kwa mtoto ziandikwe na mtaalamu: ipi, wapi, kiasi gani, siku ngapi. Kali zikipakwa kiholela zinafanya ngozi kuwa nyembamba.

Kucha nakata Jumatano na Jumapili baada ya kuoga, zikiwa laini, halafu napitisha tupa kwenye kona. Kucha iliyokatwa bila kusawazishwa inachana kuliko ile ndefu.

Usiku ndipo ufundi wangu ulipofaa. Nilinunua fulana za pamba za mtumba pale soko la Memorial, zile zilizofuliwa mpaka zikalainika, nikashona glovu zinazofunika vidole vyote pamoja. Mshono uangalie nje. Ukiuweka ndani unamkwaruza, na uzi uliolegea unaweza kujizungusha kidoleni ukazuia damu. Usitie mpira wa kubana. Siku ya kwanza alizivua kwa meno. Nikaziunga kwenye mikono ya nguo yake ya kulalia, ikawa kama mifuko miwili, na hapo akasalimu amri. Lebo ya shingoni nayo niliikata.

Mchana, chunguza saa zake kabla hujatunga sheria. Kwa siku tatu niliweka alama kwa chaki ya kushonea pembeni ya meza kila aliposhika goti: nyingi zilikuwa wakati wa katuni jioni, na tukiwa kwenye bajaji. Yaani mikono ikiwa haina kazi. Sasa katuni ikianza nampa kopo la vifungo atenge kwa rangi (wako akiwa mdogo bado wa kutia vitu mdomoni, mpe donge la unga uliokandwa). Muwasho ukija hatukuni, tunabonyeza: kitambaa kilicholowa maji baridi, anakishikilia mwenyewe huku tunahesabu mpaka ishirini. Kidonda kilicho wazi nakifunika kwa kitambaa safi, maana asichokiona hakigusi sana. Zawadi ya pipi usijaribu. Nilijaribu mimi, akaanza kujikuna makusudi ili nimwambie aache, adai pipi yake.

Ukiona usaha, gamba la rangi ya asali, sehemu imevimba na ina moto, au ana homa, mpeleke siku hiyo hiyo. Vikitokea vilengelenge vya maji vinavyoenea haraka na vinamuuma, usingoje hata kupambazuke.

Vidonda vya magoti vimefunga tangu Pasaka. Zimebaki alama nyeusi, na jirani ameshaniletea krimu ya kung'arisha. Nimemshukuru na kumrudishia. Alama hizo hufifia zenyewe, ila ni kazi ya miezi.